Banda la Baba Lilivyovaa Bati

Ijumaa, Novemba. Kitendaguro. Mvua ilianza saa mbili asubuhi na haijaonyesha dalili ya kuchoka. Mimi nimechoka.

Naingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, maana nikizungukazunguka sitaliandika. Banda la baba halipo tena. Nguzo zipo, uwanja upo, watu wapo na wanafurahi. Paa ndilo limeondoka, na aliyefanya liondoke ni mimi, kwa simu moja ya dakika tatu.

Nimejaribu siku mbili hizi kumtafuta mtu mwingine wa kumlaumu. Sijampata.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni mpiga picha. Harusi, kipaimara, komunyo ya kwanza, mahafali, na picha za pasipoti wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Kwa miaka minne sasa nina nyingine isiyonilisha, ya kupiga picha mabanda ya zamani ya huku kwetu. Sisemi msonge, ile nyumba ya nyasi inayogusa ardhi pande zote na ambayo kila mgeni ameiona kwenye kalenda. Nasema lile banda la wazi linalosimama uwanjani mbele ya nyumba, la duara, nguzo na paa la nyasi, bila ukuta. Wasomi wa majengo wana majina yao. Nyumbani kwetu tunaliita banda la wageni, basi.

Pale ndipo mahari hujadiliwa. Pale ndipo ukoo hukaa kugawana kibanja, shamba la migomba na kahawa, na kununiana. Pale mgeni hupewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, atafune kwanza kabla hajasema kilichomleta. Na ukingo wa paa hushushwa makusudi mpaka usawa wa kifua, ili kila anayeingia ainame. Tajiri anainama, padri anainama, mkwe anainama zaidi ya wote. Niliwahi kuandika kwenye blogu hii kwamba jengo hilo linasalimia watu kwa niaba yako hata siku umeamka vibaya. Nilijisifu wiki nzima kwa sentensi ile.

Nimeyapiga mabanda ya Kaagya, nimeyapiga ya Kashozi upande wa nyuma wa misheni, nimeyapiga ya Muleba mpaka karibu na ziwa. Huwa nalala chali sakafuni na kupiga kuelekea juu, kwa sababu uzuri wote uko huko: pete za matete, moja ndani ya nyingine, zinapanda zikipungua mpaka kwenye taji, ile pete ndogo ya juu kabisa. Taji husukwa kwanza, chini, kabla hata nguzo hazijasimama. Kila mwezekaji ana namna yake ya kufunga. Ukizoea unamtambua mtu kwa mafundo yake, kama unavyomtambua fundi cherehani kwa mshono.

Baba alikuwa mwezekaji. Alikuwa pia mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mafundo yake yalizunguka kinyume na ya wenzake wote. Aliezeka mabanda mengi ujanani mwake. Yameisha moja baada ya jingine: hili limeoza, lile limeungua, lile mwenyewe kalivunja apate pa kuegesha gari. Lilibaki moja tu, la nyumbani kwetu Kamachumu, alilojiezekea mwenyewe mwaka mmoja kabla hajaanza kuumwa.

Nimepiga mabanda arobaini na moja ya watu wengine. La baba sikulipiga.

Nataka kulieleza hili bila kujitetea, lakini kila nikianza najikuta najitetea. Lilikuwapo tu. Nikienda nyumbani nalikuta, nikiondoka naliacha. Nililibakiza la mwisho kama mtoto anavyobakiza nyama pembeni ya sahani. Nilitaka kwanza niwe nimeijua kazi. Nilitaka mwanga wa asubuhi baada ya mvua. Sababu ninazo tele, na zote ni za mtu aliyedhani ana muda.

Wiki tatu zilizopita nilipata ukumbi hapa mjini wa kutundika picha zangu. Nafasi ya katikati, mbele ya mlango, nikaiweka wazi kwa ajili ya banda la baba. Nikampigia simu Shangazi Leokadia.

Shangazi ni dada wa baba. Alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mume wake, na ndiye anayelinda kibanja chetu tangu baba alipotutoka. Ni mwanamke asiyejua kufanya jambo nusunusu. Ukimwambia wanakuja wageni wawili, anamenya ndizi za kutosha parokia nzima.

Nikamwambia, "Shangazi, nakuja kulipiga picha banda la baba. Litatundikwa mjini, watu waje walitazame."

Akauliza, "Watu gani?"

Nikasema wakubwa. Wa serikali, wa dini, labda na Wazungu. Nilitia chumvi, nakiri, nilitaka afurahi.

"Wakubwa watalitazama banda letu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi usiwe na wasiwasi, Koku. Siku ukija litakuwa tayari."

Nikakata simu nikiwa nimeridhika. Nilidhani atafagia. Nilidhani atawafukuza kuku na kuondoa buni zilizoanikwa.

Hapa ndipo hasira yangu inapogeuka na kuniuma mwenyewe. Nina miaka kumi na mitano kwenye kazi hii, nawajua watu wetu na picha. Mtu anaazima koti kwa jirani aje kupiga picha ya pasipoti, na koti lenyewe linaonekana kola tu. Mzee wa nyumba anapaka chokaa ukuta mmoja, ule utakaokuwa nyuma ya maharusi, kuta nyingine tatu zinabaki na udongo wake. Kwetu hakuna anayepigwa picha kama alivyo. Kupigwa picha ni kuvishwa. Nimekula kwa desturi hiyo, nimeichekea humu humu, halafu nikamwambia mwanamke wa miaka sabini na kitu kwamba wakubwa watalitazama banda la kaka yake, nalo nyasi zake zimeota kuvu. Nilitegemea afanye nini?

Juzi Jumatano nikaenda. Nilishuka Muhutwe, nikachukua bodaboda kupanda mlima. Asubuhi ilikuwa ile ile niliyoiota, mvua imenyesha alfajiri, jua limetoka, rweya, ile mbuga yetu ya nyasi, yote imeoshwa na majani yake yanametameta. Nilikuwa naimba nyuma ya dereva. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kwetu nikaona kitu kinawaka katikati ya migomba, nikafikiri ni kioo cha gari, Shangazi amepata mgeni.

Lilikuwa paa.

Bati jipya, limepigiliwa misumari kwa mistari iliyonyooka. Nguzo za baba, zile alizozichagua mwenyewe mti kwa mti, zimepakwa rangi ya mafuta ya bluu. Chini wamemwaga saruji. Na ukingo wameupandisha juu, mtu mrefu anaingia amesimama wima bila hata kuvua kofia.

Shangazi alikuwa katikati amevaa kitenge chake cha Pasaka. Majirani wawili walipiga vigelegele. "Ingia, mwanangu, ingia! Umeona? Huinami! Wakubwa wako hawatainamishwa shingo kwenye nyumba ya kaka yangu."

Nikasema, "Maawe!" Ni neno pekee lililotoka. Wote wakacheka kwa furaha.

Sikulia pale. Naomba hilo lijulikane.

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kahawa mwaka huu, nyasi za zamani zimekwenda wapi. Akasema ziko kibanjani, wamezitandaza chini ya migomba, si unajua nyasi nzee zilivyo mbolea nzuri. Na matete? Matete yamepikia chakula cha mafundi siku mbili, yalikuwa makavu mno, yanawaka yenyewe. Na taji? Hakujua nasema nini. Miaka yote hiyo amekaa chini yake akimenya ndizi, hakuwahi kuambiwa kama kile kina jina.

Nikasema naenda kumsalimia baba. Kaburi lake liko huko huko kibanjani, kati ya mikahawa. Nilipita karibu nalo bila kuligeukia, nikaanza kupekua nyasi mstari kwa mstari, nimepiga magoti, kama mtu aliyepoteza pete ya ndoa. Zilikuwa zimeanza kulowa na kuwa nyeusi. Kwenye mgomba wa nne au wa tano nikaliona taji. Walikuwa wamelikata kwa panga likae sawasawa na nyasi. Nililiinua kwa mikono miwili taratibu, na likaachia. Kamba zilikuwa kuukuu, zilishika kwa sababu zilishikwa na nyingine. Vilibaki vijiti mikononi.

Kamera ilikuwa shingoni muda wote huo. Sikupiga hata moja.

Baba mdogo Anatoli akaja nyuma yangu. Ni mdogo wake baba, ndiye aliyepigilia bati. Lakini ndiye huyo huyo aliyekuwa akimrushia baba nyasi juu ya paa kwa miaka, akimkatia matete, akimchania kamba za mgomba. Nikamshika mkono. Nikamwambia Baba mdogo, wewe ulikuwa naye, unaweza. Si lazima banda zima. Taji tu. Pete moja tu. Nifungie fundo moja kama lake nilipige picha, nitakwenda nalo.

Alichana ganda la mgomba, akachukua vijiti viwili vya lile taji, akafunga. Fundo likaenda kulia. Akalifungua. Akahamishia mkono wa kushoto, akafunga polepole ulimi ukiwa nje kidogo, likalegea. Mara ya tatu akaanza vizuri, nikaanza kuamini, halafu katikati mkono ukajirudia wenyewe kulia. Akavitupa chini.

"Kichwa kinajua," akasema. "Mkono haujui, waitu."

Halafu akasema, bila kunitazama, "Mimi nilimwambia dada tukungoje. Akaniambia, mtoto analeta wakubwa, unataka tumwaibishe? Sasa mimi ningesemaje, Koku. Nikupe aibu?"

Kwa hiyo yeye alijua kidogo, na akalifanya kwa ajili yangu. Bora angelifanya kwa ujinga.

Tuliporudi uwanjani Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kiti, amenyoosha mgongo, mikono juu ya magoti, anasubiri. Nikapiga. Nilipiga kwa uangalifu wote nilionao, sikuwa na kingine cha kumpa. Alipoiona kwenye kioo cha kamera akajipangusa macho. "Kaka yangu angeliona hili."

"Angefurahi, Shangazi."

Nimewahi kumdanganya Shangazi mara nyingi, kuhusu wachumba na kuhusu kwenda misa. Huu ndio uongo wa kwanza ulioniuma ukiwa bado mdomoni.

Jana Alhamisi sikufungua studio. Nilikaa na kompyuta tangu asubuhi nikifungua kila jalada lenye picha za nyumbani. Nikasema haiwezekani, sisi ukoo huu hatukai bila sherehe, na mpiga picha ni mimi. Na kweli, picha zilikuwapo mamia. Sendofu ya binamu. Krismasi ya mwisho ya baba, amekaa chini ya paa lake mwenyewe na mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, miguuni. Shangazi akicheka na meno yote. Wote wako ndani ya banda, na banda halimo.

Ni kwa sababu mimi ni hodari. Nisikilizwe vizuri: najulikana mjini hapa kwa kumtoa mtu akiwa mkali kabisa na nyuma yake pamefifia kama moshi. Wateja wanakuja wakisema nataka ile ya kufifisha. Lenzi naifungua yote, uso unabaki, mengine yote yanayeyuka. Nyuma ya baba, kwenye picha ile ya Krismasi, kuna rangi ya kahawia, laini, nzuri sana.

Ile rangi ya kahawia ndiyo paa lake.

Nilipata moja, moja tu, ambayo lenzi ilikosea ikashika nguzo badala ya bibi harusi. Bibi harusi ni ukungu. Juu kwenye kona kuna kipande cha dari kama upana wa kiganja, pete tatu, mafundo tisa. Niliwahi kuiwekea alama ya kufuta. Nikaikuza, nikaikuza tena mpaka ikawa vidoa. Naapa mafundo yanazunguka kwenda kushoto. Au ninataka yazunguke. Nimetazama muda mrefu mno, macho yangu hayafai tena kuwa shahidi.

Nililia jana. Sikulia vizuri, kile kilio cha kupunguza mzigo. Nililia kama mtu anayetapika tumbo tupu.

Na bado kuna ya leo.

Asubuhi mchapaji amenitumia ujumbe. Anataka maandishi ya chini ya picha, yote arobaini na mbili, kabla ya kesho saa sita. Kila picha ina mistari mitatu tu, niliamua hivyo mwenyewe nikajiona mjanja: mahali, matumizi, mwezekaji. Mstari wa mwezekaji nilipigania sana. Nilizunguka vijiji nikiuliza majina ya wazee waliokwisha kufa, kwa sababu nilisema si haki mtu aezeke paa la miaka thelathini halafu asiandikwe popote. Arobaini na moja nimeyajaza.

Kabla sijamjibu, Shangazi akapiga simu. Ameshawaambia jumuiya yake ya kanisani, na jumuiya yote inakuja, wameshapata gari. Wamama wanashona sare. Nilimsikia anatabasamu.

"Koku, chini yake uandike jina la kaka yangu. Jina lote, na la ubatizo. Nitalisoma mwenyewe, macho bado ninayo."

Nikasema sawa. Nimekuwa hodari wa kusema sawa.

Tangu hapo nimekaa dirishani. Nikiiacha picha ile ya juzi ya banda la bati, nisiitundike, Shangazi ataingia ukumbini na sare yake, na atakuta mabanda ya watu wengine peke yake, mbele ya wamama aliowaleta mwenyewe. Nikiandika ukweli, kwamba aliyeezeka ni Anatoli na kwamba kaezeka kwa bati, atasoma, na atasoma polepole kwa kidole, na hapo hapo ataelewa alichofanya. Nimejaribu kuuona uso wake dakika hiyo. Sikuweza kuendelea kuutazama hata kwa mawazo.

Na nikiliandika jina la baba? Mtu yule aliwahi kufumua upande mzima wa paa la jirani, nyasi zote chini, kwa sababu msaidizi alikuwa amefunga pete moja kwa mkono wa kulia. Jirani alimsihi, akamwambia mzee, nani ataona huko juu? Baba akasema, "Mimi nimeona." Ndiye mtu ambaye leo ninataka kumwandika chini ya misumari.

Nimewaza kumwambia Shangazi. Niende Kamachumu, nikae naye jikoni, nimweleze taji ni nini, kila fundo lilikuwa nini, alimenyea ndizi chini ya kitu gani. Ingekuwa kweli tupu. Ingekuwa pia kumnyang'anya kaka yake mara ya pili ili mimi nipumue. Yeye analala bila kumlaumu mtu, na hajakosa kitu zaidi ya kunipenda kwa haraka. Aliyechelewa miaka minne ni mimi.

Nimeliandika jina. Nimelifuta. Nimetengeneza chai, sikuinywa. Nimeliandika tena.

Saa kumi jioni, mvua bado. Nimemtumia mchapaji. Mahali: Kamachumu. Matumizi: kupokea wageni. Mwezekaji: jina la baba, lote, na la ubatizo, chini ya bati ambalo hakuwahi kuligusa.

Kesho kutakucha, hilo halinitegemei mimi. Halafu itafika ile siku ya maonyesho, Shangazi atalisoma kwa sauti mbele ya jumuiya yake na wamama watapiga vigelegele. Mimi nitakuwa nimesimama ubavuni kwake, amenishika mkono.

Sijui wakati huo nitatazama wapi.